Shahada yangu ililipiwa na vijana wa futiboli

Shahada yangu ya uhasibu ililipiwa na vijana wenzangu ambao wenyewe hawakuwa wakilipwa. Sikuliona hilo mapema, na huenda nisingeliona kabisa kama ningekuwa nasomea kilimo au lugha. Ningerudi Mbulu na cheti mkononi nikiamini kwamba Wamarekani wanapenda mbio za nyika kiasi cha kumchukua mtoto wa mkulima wa vitunguu saumu na kumlisha miaka minne.

Hawazipendi. Hilo ndilo jambo la kwanza ninalomwambia kijana yeyote wa kwetu anayeniuliza kuhusu kukimbia vyuoni Marekani. Kwenye mashindano yetu makubwa ya nyumbani, watazamaji walikuwa wazazi, wachumba, na mbwa wachache waliofungwa kamba. Mchana huohuo, ng'ambo ya barabara, uwanja wa futiboli ulikuwa umefurika watu makumi elfu waliovaa rangi moja. Nikisema futiboli sisemi soka. Nasema ule mchezo wao wa kofia ngumu na mabega ya plastiki. Uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan una nafasi 107,601, na ukiacha mwaka wa korona, tangu 1975 hakuna mechi ya nyumbani iliyochezwa pale mbele ya watu pungufu ya laki moja. Uwanja wa Benjamin Mkapa pale Dar es Salaam unachukua 60,000, na sote tunajua ni mechi zipi za kuhesabika zinazoujaza.

Mimi nilifika mwaka 2009, kwenye chuo kikuu cha umma katika majimbo ya kati, ambacho sitakitaja. Nilikuwa nimekimbia UMISSETA, michezo ya shule za sekondari Tanzania, muda wangu wa mita 5,000 ukatumwa kwa barua pepe na mwalimu mmoja wa kujitolea, na jibu likarudi: ada, chumba, chakula na vitabu, vyote juu yao. Baba aliisikiliza barua ikisomwa mpaka mwisho, akauliza, "Na wao watapata nini?" Nikamjibu watapata ushindi. Akaguna. Mzee amefanya biashara ya vitunguu saumu na madalali wa Arusha maisha yake yote, na hamwamini mnunuzi asiyetaja bei.

Hatukuwa wa kwanza kwenda. Suleiman Nyambui alikimbilia Chuo Kikuu cha Texas kilichopo El Paso, akakusanya mataji ya vyuo huku kabatini akiwa na medali ya fedha ya mita 5,000 kutoka Olimpiki ya Moscow ya 1980. Baadaye alishinda Berlin Marathon mara mbili, 1987 na 1988. Kabla yake kulikuwa na Henry Rono wa Kenya, ambaye mwaka 1978, akiwa mwanafunzi wa Washington State, alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81: mita 5,000, mita 3,000 kuruka viunzi na maji, mita 10,000, kisha mita 3,000. Kocha wetu alipenda kulitaja jina la Rono tukiwa tumechoka. Yaliyofuata hakuyataja: pombe, kukosa mahali pa kulala, kuosha magari ya watu. Rono alivunja rekodi zile wakati riadha bado ni mchezo wa ridhaa. Ruhusa ya wakimbiaji kuwekewa pesa kwenye mifuko maalumu ilikuja 1982, miaka minne baada ya msimu wake mkubwa. Alifariki Februari 2024.

Basi nikakabidhiwa kitabu cha kanuni cha NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vya huko, chenye mizizi ya tangu 1906. Sijawahi kuona kitabu kinachoogopa pesa namna ile. Kati ya mlo na mlo, chuo kiliruhusiwa kutupa matunda, karanga na mkate mgumu wa mviringo wanaouita bagel. Mkate mkavu. Ukipakwa siagi au jamu ulihesabika kuwa mlo, na mlo wa ziada ulikuwa upendeleo usioruhusiwa. Kanuni hiyo ya kupaka ilifutwa 2013, mwaka niliomaliza. Mwaka uliofuata Shabazz Napier, mchezaji wa kikapu wa Connecticut aliyekuwa njiani kuchukua ubingwa, aliwaambia waandishi wa habari kwamba usiku mwingine hulala njaa, na ndani ya mwezi huo NCAA ikaruhusu wanamichezo kula bila kikomo. Miaka yote ile wanasheria walikuwa wamekaa wakijadili jamu.

Likizo ya kiangazi nilikwenda kukimbia mbio za barabarani za kilomita tano kwenye mji mdogo, sikukuu ya Julai Nne. Mshindi alitangaziwa dola 500. Nikashinda. Nikasaini karatasi ya kuzikataa, kwa sababu kuchukua zawadi inayozidi gharama zangu za siku ile kungeniondolea haki ya kukimbilia chuo. Nikarudi na fulana na tikitimaji. Dola 500 wakati ule zingemlipia mdogo wangu ada ya mwaka mzima sekondari, na chenji ingebaki.

Kodi nayo ilinipata. Watu wa nyumbani hudhani ukipewa kila kitu bure umemaliza. Serikali ya Marekani haihesabu hivyo. Ada na vitabu havikatwi, lakini thamani ya chumba na chakula ni kipato, na kwa mwanafunzi mgeni mwenye viza ya masomo hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 14. Tanzania na Marekani hazina mkataba wa kodi wa kukuokoa hapo. Kwa hiyo mwisho wa muhula ankara yangu ilionyesha deni. Pesa yenyewe sikuwa nimeishika, nilikuwa nimeila. Nilikuwa nadaiwa kodi ya wali niliokwisha kumeza. Ilinibidi nitafute kazi, na viza ile inaruhusu kazi za ndani ya chuo tu, zisizozidi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Kwa bahati mbaya au nzuri, saa 20 kwa wiki ndicho pia kikomo ambacho NCAA imeweka kwa mazoezi. Jumlisha masomo uone kama kuna usingizi.

Nikapata kazi stoo ya vifaa vya michezo, nikifua jezi za futiboli.

Hapo ndipo nilipoanza kuhesabu. Mwenzangu wa chumba alikuwa akicheza ulinzi kwenye timu ile, kijana Mweusi wa Mississippi, mpole, mla pilipili, aliyelelewa na bibi yake. Jezi yake niliifua mimi Jumapili. Jezi ileile, namba ileile, bila jina mgongoni, ilikuwa ikining'inia duka la chuo ikiuzwa bei ambayo hakuna kati yetu angeweza kuilipa. Jina liliachwa kwa makusudi, kwani kuuza jina kungekuwa kumfanya mchezaji bidhaa. Namba haikuwa na shida. Siku moja nilimtania kwamba amekuwa nguo. Hakucheka sana. Akasema bibi yake ameomba amtumie moja, naye anasubiri punguzo la baada ya Krismasi.

Mwaka wangu wa tatu profesa wa ukaguzi wa hesabu alitupa zoezi: chukua taarifa ya mapato na matumizi ya taasisi yoyote ya umma, uieleze. Nikachukua ya idara yetu ya michezo, kwa kuwa chuo cha umma hakiwezi kuificha. Nilikaa nayo maktaba mpaka wakazima taa za ghorofa ya juu. Futiboli ilikuwa inaingiza pesa za televisheni, tiketi, maegesho na michango ya matajiri. Kikapu cha wanaume kilikuwa kinaingiza pia, kwa kiasi chake. Kuanzia hapo kushuka chini, michezo mingine yote ilikuwa na safu mbili: matumizi yaliyojaa tarakimu, na mapato yaliyokuwa karibu na sifuri. Sisi wa riadha tulikuwa humo. Viatu vyangu, tiketi zangu za ndege, mshahara wa kocha wangu na ule mkate mkavu, vyote vilitoka kwenye safu ya kina mwenzangu wa chumba.

Swali la Baba lilikuwa limejibiwa, ila si kwa namna niliyoitegemea. Kutoka kwangu hawakupata kitu cha kuhesabika. Walikuwa na pesa ambazo ilibidi zitoke, na mimi nilikuwa mojawapo ya milango ya kutokea.

Hili linahitaji maelezo, na wengi wanaojadili michezo ya vyuo huliruka. Idara ya michezo ya chuo haina wenye hisa wa kugawana faida. Kinachoingia hutumika. Na kama sheria inakukataza kumlipa anayeleta mapato, utawalipa wengine wote waliomzunguka. Utamlipa kocha. Utamlipa msaidizi wa kocha, na mtu wa kunyanyua vyuma. Utajenga. Chuo cha Clemson walifungua jengo la futiboli mwaka 2017 kwa dola milioni 55, ndani yake mna bembea ya kuteleza kutoka ghorofani na kiwanja cha gofu ya watoto, ili kijana wa miaka 17 akitembelea avutiwe, maana kumvutia kwa mshahara kulikuwa kosa. Novemba 2023 Texas A&M walimfukuza kocha Jimbo Fisher wakabaki wanadaiwa zaidi ya dola milioni 75 za kumalizia mkataba wake, yaani kumlipa asifundishe. Katika majimbo mengi ya Marekani mtumishi wa umma anayelipwa zaidi ya wote si gavana wala daktari bingwa. Ni kocha wa futiboli au wa kikapu.

Hata michango ile ya matajiri ilikuwa na mkono wa serikali. Mpaka sheria ya kodi ya 2017 ilipofuta jambo hilo, mtu akichangia chuo ili apate haki ya kununua kiti kizuri uwanjani aliruhusiwa kupunguza asilimia 80 ya mchango huo kwenye kipato chake cha kutozwa kodi, kwa jina la hisani. Kiti cha kutazama mechi kikasimama mstari mmoja na kituo cha yatima. Profesa alipenda ukurasa wangu wa mambo hayo kuliko kazi yote iliyobaki.

Nisidanganye mtu: vyuo vinavyobaki na ziada ni vichache. Kwa hesabu za NCAA yenyewe za 2019, katika daraja la kwanza lenye vyuo zaidi ya 350, vilivyoingiza zaidi ya vilivyotumia vilikuwa 25 tu. Vingine huziba pengo kwa fedha za chuo na kwa makato wanayotozwa wanafunzi wa kawaida, wengi wao wakiwa hawajawahi kutia mguu uwanjani. Ukiambiwa michezo inaendesha chuo, uliza chuo kipi.

Mwenzangu wa chumba aliumia goti msimu wa tatu. Kocha mkuu alikuwa mpya, amekuja na vijana wake. Wakati huo karibu ufadhili wote ulikuwa wa mwaka mmoja mmoja. Sharti la kutouzidisha liliwekwa 1973, na vyuo vikaruhusiwa tena kuahidi miaka mingi 2012 tu. Aliitwa ofisini, akaambiwa kwa maneno mazuri kwamba mwaka unaofuata nafasi yake itahitajika. Alirudi Mississippi akiwa amebakiza masomo machache, na goti linalotabiri mvua. Kanuni ya kukilazimisha chuo kugharamia matibabu ya majeraha ya michezoni kwa miaka miwili baada ya mtu kuondoka imeanza Agosti 2024. Yeye ameshakuwa na watoto.

Mimi ufadhili wangu ulihuishwa. Nilikuwa naleta pointi kwenye mbio ambazo hakuna aliyezitazama, na nilikuwa bei rahisi.

Sheria ya NCAA wakati ule ilikuwa imeshaanza kutikiswa. Mwaka uleule niliofika mimi, 2009, Ed O'Bannon, bingwa wa kikapu wa 1995 na chuo cha UCLA, alifungua kesi baada ya kujiona kwenye mchezo wa kompyuta: umbo lake, namba yake, hata mkono wake wa kushoto, bila yeye kupewa senti. Jaji Claudia Wilken alimpa haki 2014. Kisha tarehe 21 Juni 2021 majaji wote tisa wa Mahakama ya Juu, ambao kwa kawaida hawakubaliani hata kuhusu saa, walisema kwa sauti moja kwenye kesi ya Alston, iliyofunguliwa na wanamichezo wa vyuo, kwamba NCAA haiwezi kuzuia hata msaada wa kielimu. Jaji Brett Kavanaugh akaongeza lake: hakuna biashara nyingine Marekani inayoruhusiwa kupatana isiwalipe wafanyakazi wake bei ya soko, eti kwa sababu kutolipwa ndiko kunakoipendezesha bidhaa. Siku kumi baadaye, Julai 1, wanamichezo wakaruhusiwa kuuza jina na sura zao, mambo wanayoyaita NIL.

Nilifurahi. Nilimpigia simu mwenzangu, tukacheka kuhusu ile jezi.

Lakini pesa ikiruhusiwa haikai pale ulipoipangia. NIL ilitakiwa iwe tangazo la duka la magari au viatu. Ndani ya muda mfupi matajiri wapenzi wa timu waliunda vikundi vya kuchanga na kuwalipa wachezaji moja kwa moja, na ikiongezwa ruhusa ya kuhama chuo bila kukaa nje msimu mzima, ikawa ni dirisha la usajili la Simba na Yanga, tofauti ni kwamba mikataba mingi haikumfunga mtu. Sisi wenye viza tulibaki mlangoni. Viza ya mwanafunzi hairuhusu kazi ya nje ya chuo, na kupiga picha ya tangazo ni kazi. Oscar Tshiebwe, mzaliwa wa Lubumbashi, alikuwa mchezaji bora wa kikapu wa vyuo nchi nzima mwaka 2022 akiwa Kentucky. Wenzake wasio na nusu ya jina lake walikuwa wakirekodi matangazo kila wiki. Yeye aliusubiri msafara wa timu kwenda Bahamas Agosti ile, akafanya kazi zake za kibiashara huko, nje ya ardhi ya Marekani. Hebu fikiria: mtu anapanda ndege avuke maji ili apate ruhusa ya kuwa maarufu.

Juni 2025 likaja suluhu la kesi ya House, kesi nyingine ya wanamichezo dhidi ya NCAA, mezani kwa Jaji Wilken yuleyule. Fidia ya kama dola bilioni 2.8, italipwa kwa miaka kumi, kwa waliocheza kuanzia 2016. Mimi na mwenzangu hatumo. Na kuanzia Julai 1, 2025 kila chuo kinaruhusiwa kugawa kwa wanamichezo wake mpaka dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza. Mgawo uliozungumzwa sana na kufuatwa na vyuo vikubwa ni asilimia 75 kwa futiboli, 15 kwa kikapu cha wanaume, 5 kwa kikapu cha wanawake, na 5 kwa michezo mingine yote iliyobaki, nasi tukiwemo. Chuo cha Tennessee, kabla hata suluhu halijapitishwa, walishatangaza nyongeza ya asilimia 10 kwenye tiketi za msimu ili kuzipata pesa hizo.

Naona watu wa riadha wakilia, na ninawaelewa, ila siwezi kulia nao. Asilimia 75 inakwenda kwa waliotulisha. Ukiwa umekula mezani kwa mtu miaka yote, siku akiomba sahani yake mwenyewe huwezi kumwita mchoyo.

Hasara zenyewe ni za kweli, sizifichi. Zamani wanaume wa riadha na nyika waligawana ufadhili 12.6 kwa timu nzima, wanawake 18, huku futiboli ikiwa na 85 kamili. Tofauti ya wanaume na wanawake imetokana na sheria ya usawa ya 1972: nafasi 85 za futiboli zote ni za wanaume, hivyo lazima mizani irudishwe kwingine, na ndiyo sababu binti wa Mbulu mwenye kasi ana nafasi nzuri kuliko kaka yake. Sasa hesabu ya ufadhili imeondolewa, wameweka hesabu ya vichwa: 17 kwenye nyika, 45 kwenye riadha. Chuo chenye uwezo kinaweza kumfadhili kila mmoja. Chuo kisicho nao kinawaondoa wale watoto wa wenyeji waliokuwa wanakimbia kwa mapenzi, wakijilipia ada, wakija mwisho na kupiga makofi. Timu yetu ilikuwa nao wengi, na ndio walionifundisha kuendesha gari na kula Thanksgiving, sikukuu yao ya shukrani.

Halafu kuna ramani. Ligi za vyuo zilikuwa za majirani. Big Ten, ligi ya majimbo ya kati, ilipokuwa ikiandaa mikataba ya televisheni iliyokuja kuzidi dola bilioni 7 kwa miaka saba, majirani wa pwani ya magharibi walianza kuiacha ligi yao, Pac-12, mmoja mmoja, kuanzia USC na UCLA, vyuo vya Los Angeles, waliotangaza Juni 2022. Sasa timu ya Los Angeles inacheza mechi ya ligi New Jersey, upande wa pili wa nchi, na aliyepanga hivyo hakumfikiria mchezaji wa voliboli mwenye mtihani Jumatatu. Waliobaki kwenye ligi iliyovunjika walikuwa wawili, Oregon State na Washington State. Ndiyo, chuo cha Rono. Na Juni 2025 Washington State walitangaza kwamba kwenye riadha wanaachana na michezo ya kuruka na kurusha, wanapunguza mbio fupi, wanabaki na mbio ndefu. Mtu wa pesa anaelewa haraka: mbio ndefu hazihitaji vifaa, na kuna bara zima linaloleta watu walio tayari.

Hapo ndipo Wamarekani wanapoanza kununa, wakisema nafasi zao zinachukuliwa na Wakenya. Doris Lemngole wa Alabama ametwaa taji la vyuo la kuruka viunzi na maji 2024 na 2025, na la nyika 2024. Alabama! Chuo kinachojulikana duniani kwa futiboli. Kocha wa huko halipwi kulea. Analipwa kupata pointi, na ukimpa chaguo kati ya mtoto wa jirani atakayeiva baada ya miaka mitatu na msichana wa Bonde la Ufa aliyeiva tayari, atachukua aliyeiva. Simlaumu msichana hata kidogo. Ila wazazi wa kwetu wajue kwamba aliyenunuliwa akiwa ameiva hasubiriwi akiumia.

Baada ya kuhitimu nilijaribu kuwa mkimbiaji wa kulipwa, nikidhani angalau huku pesa iko wazi. Iko wazi, kweli. Zawadi ya dola 1,000 kwa mgeni asiye mkaazi: asilimia 30 inazuiwa kama kodi, wakala anachukua 15, nauli na chakula ni juu yako, na waandaaji wanatuma kilichobaki baada ya majibu ya dawa kutoka. Ukiwa wa sita kwenye mbio zinazolipa watano, umefanya utalii. Nilipopata kazi ya uhasibu sikuomboleza.

Septemba 2025 Alphonce Simbu aliposhinda marathoni ya mashindano ya dunia Tokyo, dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye mashindano hayo, nililia mbele ya televisheni bila aibu, mke wangu shahidi. Kisha, kwa ugonjwa wa kazi, nikachukua kikokotoo. Zawadi ya dhahabu ile ni dola 70,000. Kirby Smart, kocha wa futiboli wa Chuo Kikuu cha Georgia, analipwa kama dola milioni 13 kwa mwaka. Gawanya kwa 365: Simbu amepata mshahara wa siku mbili wa mwalimu wa michezo wa wanafunzi.

Siku hizi napigiwa simu na wazazi. Wa karibuni ni mzee mmoja wa Haydom, ambaye binti yake amepata barua kutoka chuo fulani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia siku hizi wanawalipa. Atalipwa?"

Nikamwambia ukweli: kwa mbio ndefu pengine kidogo, pengine hapana, na viza itamfunga mikono kwenye kinachobaki, atalipwa shahada, na shahada si haba, mimi ninaila mpaka leo. Lakini amwandikie kocha, ajibiwe kwa maandishi, siyo kwa sauti ya WhatsApp. Ufadhili ni wa miaka minne au wa mwaka mmoja unaohuishwa? Akiumia, unabaki? Kocha akihama, unabaki? Likizo ya kiangazi atakula wapi? Na ile kodi ya chumba na chakula, anailipa nani?

Kocha alijibu upesi, nampa sifa hiyo. Minne, kwa maandishi. Akiumia, unabaki. Akihama kocha, unabaki pia, kwa kuwa aliyesaini ni chuo. Likizo watamgharamia endapo atachukua somo la kiangazi. Kuhusu kodi, alisema hilo hajawahi kuulizwa, atamwona mtu wa fedha.

Mzee amemwambia binti asisaini mpaka mtu wa fedha ajibu.